Jibu la mtaalamu: Riwaya imeniambia kwamba imani yangu ilipitishwa kwa kura. Je, niiamini?

«Shikamoo Mwalimu. Wiki mbili zilizopita nilimaliza kusoma riwaya moja ya kusisimua iliyoninyima usingizi. Mtunza nyaraka wa Vatikano anauawa usiku, na mwanaisimu anayechunguza kifo chake anagundua udugu wa siri uliorithi mambo ya Watempla, lile shirika la mashujaa watawa wa Vita vya Msalaba. Kwa miaka 700 udugu huo umekuwa ukiilinda injili iliyoondolewa kwenye Biblia na maaskofu waliopiga kura huko Nisea. Kabla ya sura ya kwanza kuna ukurasa wenye kichwa kisemacho UKWELI, na unaeleza kwamba udugu huo upo na kwamba nyaraka zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Nilitafuta mtandaoni, nikakuta kweli zimo. Tangu hapo, nikiwa ibadani na watu wanapokiri imani, maneno yananikwama kooni. Aliyenipa kitabu ni mdogo wangu wa kiume, na kila nikimwuliza hunijibu kwamba lisemwalo lipo. Sasa yeye amepokea ujumbe wa simu unaomwalika ajiunge na Iluminati kwa kulipa ada ya usajili, naye anasema huo ndio uthibitisho. Je, mambo haya yana ukweli kiasi gani? Na je, niache kusoma juzuu ya pili?»

Marahaba. Nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu limebeba hofu mbili katika kitita kimoja: hofu kwamba historia ya Kanisa uliyofundishwa ni uongo, na hofu kwamba kuna watu waliojificha wanaoijua kweli ambayo wewe umenyimwa. Ya kwanza inajibika kwa tarehe na maandishi. Ya pili ni ya namna nyingine, nami nitaifikia. Ila ule ujumbe wa simu hauwezi kungoja zamu yake, kwa hiyo nianze nao.

Mdogo wako asilipe ada hiyo, asitume picha ya kitambulisho wala namba zake za siri, na kama ameshatuma chochote, awaarifu benki yake, kampuni yake ya simu na polisi leo hii. Huu ni utapeli wa kawaida kabisa. Anayeutuma hana haja ya kuwa mwanachama wa jumuiya yoyote. Anachohitaji ni simu, na mtu ambaye ameshasadiki kwamba jumuiya hiyo ipo na ina fedha. Tazama pia jinsi jambo lenyewe linavyojipinga: jumuiya inayodaiwa kuwashika marais na mabenki mkononi, iliyojificha kwa karne mbili na nusu, inamwandikia kijana isiyemjua na kumwomba ada ya usajili.

Iluminati ya kihistoria ilikuwapo. Ilianzishwa tarehe 1 Mei 1776 huko Ingolstadt, Bavaria, na Adam Weishaupt, profesa wa sheria za Kanisa, pamoja na wanafunzi wachache waliochoshwa na mamlaka ya mapadri juu ya elimu. Walipeana majina ya bandia. Weishaupt alijiita Spartacus. Mtawala wa Bavaria, Karl Theodor, alipiga marufuku jumuiya za siri mwaka 1784, akarudia katazo hilo mwaka 1785, barua zao zikakamatwa, na mwaka 1787 serikali ikazichapisha, hata magombano yao ya ndani yakasomwa na kila aliyetaka. Mwaka 1797 padri mkimbizi wa Kifaransa, Augustin Barruel, na mwanasayansi wa Edinburgh, John Robison, kila mmoja kwa upande wake, waliandika kwamba kikundi hicho ndicho kilichopanga Mapinduzi ya Ufaransa. Jumuiya yenyewe haikufikisha miaka 10. Uvumi wake umepita 200, na ndio unaomtumia mdogo wako ujumbe.

Sasa tuje kwenye nyaraka za Paris, maana hapo ndipo riwaya ilipokunasa, na sikulaumu hata kidogo: ulikwenda kuhakiki, ukakuta kweli. Kwa maelezo yako naitambua jumuiya yenyewe. Inaitwa Prieuré de Sion, nayo imekuwa malighafi ya waandishi wengi. Ilisajiliwa mwaka 1956 katika mji mdogo wa Saint-Julien-en-Genevois, karibu na mpaka wa Uswisi, chini ya sheria ya vyama ya mwaka 1901, vile vile kama inavyosajiliwa klabu ya michezo. Aliyekuwa nguzo yake ni Pierre Plantard. Neno «Sion», yaani Sayuni, katika jina hilo linatokana na kilima cha jirani, wala halihusiani na Yerusalemu, na jarida la mwanzo la chama lilishughulika na haki za wapangaji wa nyumba za bei nafuu. Katika miaka ya 1960 Plantard na rafiki yake Philippe de Chérisey walitunga nasaba na hati zilizodai kwamba udugu huo ulianza wakati wa Vita vya Msalaba, na kwamba miongoni mwa wakuu wake walikuwamo Leonardo da Vinci, Isaac Newton na Victor Hugo. Wakazipeleka maktaba. Maktaba ikazipokea, ikazipa namba, zikawekwa rafuni. Baadaye de Chérisey mwenyewe alikiri kwamba ile miswada ya mafumbo, iliyosemekana kuwa imegunduliwa kanisani, ilikuwa kazi ya mkono wake.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu jambo hili likikuelea, sehemu kubwa ya riwaya itajifumua yenyewe. Maktaba ya taifa ina kazi ya kupokea. Ufaransa imekuwa na sheria ya kuweka nakala za machapisho katika maktaba ya dola tangu mwaka 1537, na mkutubi anapogonga mhuri juu ya karatasi haulizi kama yaliyoandikwa humo ni kweli. Anashuhudia tu kwamba karatasi hiyo imefika mikononi mwake siku fulani. Rafu hizohizo zimebeba vitabu vya unajimu na vya kugeuza risasi kuwa dhahabu. Kwa hiyo sentensi isemayo kwamba nyaraka zimehifadhiwa Paris ni ya kweli neno kwa neno, na bado haikuambii lolote kuhusu kilichoandikwa ndani. Riwaya ilikuonyesha mhuri, nawe ukauelewa kama hukumu.

Kuhusu Nisea, ninaona ndiko kunakokuumiza zaidi. Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu katika mji huo, ambao leo ni Iznik nchini Uturuki. Walifika karibu 300. Mapokeo husema 318. Ugomvi uliowakusanya ulitokana na Ario, padri wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba kabla ya vitu vyote, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Walizungumzia pia tarehe ya Pasaka na mfarakano wa Wakristo wa Misri. Mtaguso huo, yaani mkutano huo mkuu wa maaskofu, umetuachia kanuni 20, na unaweza kuzisoma zote kwa muda wa chakula cha mchana. Kanuni ya 1 inahusu makleri (mapadri na watumishi wenzao) waliohasiwa, ya 17 inawakataza makleri kutoza riba, ya 20 inataka watu wasali wakiwa wamesimama siku za Jumapili. Hakuna hata moja inayosema ni vitabu gani viingie katika Biblia na vipi vitoke.

Hadithi ya kwamba vitabu vilichaguliwa Nisea ina chanzo kinachojulikana. Imo katika maandishi ya Kigiriki ya mwishoni mwa karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baada ya tukio, yanayosimulia kwamba maaskofu walivilundika vitabu vyote kando ya altare, wakaomba, na kwa muujiza vile vya uongo vikakutwa chini na vya kweli juu. Katika karne ya 18 mwandishi wa Kifaransa Voltaire aliichukua hadithi hiyo ili kuwacheka mapadri, na kutoka kwake ikaenea. Ona safari yake: ilianza ikiwa sifa ya muujiza, ikawa dhihaka, kisha riwaya zikaigeuza njama, na kura zikaongezwa njiani mahali ambapo palikuwa na sala.

Ushahidi wa kweli unaelekea kwingine. Mnamo mwaka 180 hivi, askofu Ireneo wa Lyon alikuwa ameshasisitiza kwamba Injili ni nne, wala si zaidi wala pungufu. Kwa upande mwingine, baada ya Nisea bado watu hawakukubaliana juu ya vitabu vya pembeni: Sirili wa Yerusalemu, yapata mwaka 350, alitoa orodha ya Agano Jipya isiyo na kitabu cha Ufunuo. Kama suala lingekuwa limefungwa kwa kura mwaka 325, askofu huyo asingethubutu. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vilevile unavyovijua wewe ni ya askofu Athanasi wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367. Orodha ilikomaa polepole, kutokana na kile kilichokuwa kikisomwa makanisani, na ndiyo maana hutapata siku moja wala chumba kimoja ambamo ilizaliwa. Mtunzi wa riwaya ya mashaka hawezi kuvumilia jambo la namna hiyo. Yeye anahitaji chumba, mishumaa na mlango uliofungwa kwa komeo.

Na je, Uungu wa Kristo ulibuniwa hapo? Yapata mwaka 112, Plinio Mdogo, gavana wa Kirumi asiye Mkristo, alimwandikia Kaisari Trajani kwamba Wakristo aliowahoji walikuwa wakikusanyika kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kana kwamba ni mungu. Jimbo alilolitawala ni Bithinia, lile ambalo Nisea ilikuwa mji wake. Miaka zaidi ya 200 kabla ya mtaguso, katika nchi ileile, watu wa kawaida walikuwa wameshaamini hivyo. Hata Ario alimwita Kristo Mwana wa Mungu. Walichogombania ni namna ya Uwana huo.

Sitakuficha upande wa pili, kwa sababu ungeukuta mwenyewe ukadhani nimekudanganya. Kaisari aliingilia kati kwa nguvu. Waliokataa mpaka mwisho kutia sahihi tamko la imani la mtaguso, maaskofu Sekundo na Theona wa Libya, walipelekwa uhamishoni pamoja na Ario, na baadaye Konstantino aliamuru maandishi ya Ario yachomwe moto. Siasa ilikuwamo, na ilikuwa chungu. Lakini mtaguso haukuyamaliza mambo: kwa zaidi ya miaka 50 upepo uligeuka mara kwa mara, Athanasi alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano, na Konstansio, mtoto wa Konstantino, aliwaunga mkono wapinzani wa Nisea. Kanuni ya imani inayokukwama kooni, kama ni ile inayoitwa ya Nisea, kwa sura yake ya sasa huhusishwa na mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381. Ni maneno yaliyobishaniwa hadharani kwa vizazi viwili, na barua za wabishani wa pande nyingi tunazo.

Vipi kuhusu injili iliyofichwa? Injili zilizoachwa nje zipo, na nyingine zilipotea kwa karne nyingi kwa sababu Kanisa lilizikataa na hakuna aliyezinakili tena. Mwaka 1945 wakulima waliokuwa wakichimba udongo wa mbolea karibu na Nag Hammadi, Misri, walikuta mtungi wenye vitabu 13 vya mafunjo katika lugha ya Kikopti, vikiwa na maandishi zaidi ya 50, pamoja na Injili ya Tomaso yenye misemo 114. Hakuna udugu unaoyalinda. Yametafsiriwa na kuchapishwa, na mwanafunzi yeyote wa teolojia anaweza kuyasoma. Ukiyasoma utashangaa kitu kimoja. Riwaya hupenda kusema kwamba injili hizo zilizimwa kwa kuwa zilimwonyesha Yesu kama binadamu wa kawaida, kumbe nyingi kati yake zinamtoa katika ubinadamu na kumfanya mjumbe wa mbinguni asiyeguswa na mateso. Injili nne za kanisani ndizo zinazomwonyesha akila, akilia na akichoka.

Watempla niwapitie haraka. Walikamatwa nchini Ufaransa siku ya Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1307, kwa amri ya Mfalme Filipo wa Nne aliyekuwa na uchu wa fedha. Papa Klementi wa Tano alilivunja shirika lao mwaka 1312. Mkuu wao, Jacques de Molay, alichomwa moto mwaka 1314. Mali zao nyingi zilikwenda kwa shirika la Hospitali, ambalo nalo lilikuwa la mashujaa watawa, na huko Ureno waliendelea kwa jina jipya kuanzia mwaka 1319. Hawakuyeyuka kwa siri. Hifadhi ya nyaraka ya Vatikano nayo iliitwa ya siri kwa sababu neno la Kilatini lililotumika lilimaanisha ya binafsi, yaani mali ya Papa mwenyewe. Watafiti wameruhusiwa kuingia tangu 1881, na mwaka 2019 Papa Fransisko alilifuta neno hilo kwa kuwa lilikuwa linaeleweka vibaya. Humo ndimo mtafiti Barbara Frale alimotambua, mwaka 2001, hati ya Chinon ya 1308 inayoonyesha kwamba wajumbe wa Papa waliwapa wakuu wa Watempla ondoleo la dhambi. Hati hiyo, ambayo riwaya ingeizungushia walinzi wenye bunduki, ilichapishwa.

Baada ya hayo, tuangalie mashine yenyewe ilivyokufanyia kazi, maana hukudanganyika kwa ujinga. Mtunzi wa riwaya za aina hii huweka mambo tisa unayoweza kuyahakiki: jina la mtaa, idadi ya ngazi, tarehe, kaburi la fulani. Unapoyahakiki mawili matatu na kuyakuta sawa, unampa imani yako kwa mkopo, na jambo la kumi, lile la kubuni, linalipiwa na mkopo huo. Kisha huyatia maelezo mazito kinywani mwa profesa anayekimbia kuokoa maisha yake. Msomaji hamkatizi mtu anayekimbia. Darasani ungemwuliza profesa huyo anatoa wapi habari zake. Kwenye handaki, risasi zikilia nyuma, unamwombea tu afike. Tena kitendawili unaachiwa wewe ukitegue nusu ukurasa kabla ya mhusika, na jibu ulilolipata mwenyewe hulitilia shaka kwa nadra kuliko jibu uliloambiwa.

Ukurasa ule wa UKWELI ni sehemu ya riwaya. Hila hiyo ni ya zamani: mwaka 1605 mwandishi wa Kihispania Cervantes aliwaambia wasomaji wake kwamba kisa chake kimetafsiriwa kutoka kwa mwanahistoria Mwarabu, ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mimi binafsi ninaipenda hila hiyo inapofanywa kwa utani. Inapofanywa kwa uso mkavu, kwa wasomaji ambao hawajafundishwa kuitambua, naiona ni ukosefu wa adabu.

Hata hivyo usitoke hapa ukidhani kwamba njama hazipo. Mwezi Machi 1981 polisi wa Italia, wakipekua majengo ya mfanyabiashara Licio Gelli karibu na Arezzo, walikuta orodha ya majina 962 ya wanachama wa kundi la Kifrimasoni lililoitwa Propaganda Due, wakiwamo mawaziri, wabunge na wakuu wa idara za ujasusi. Serikali ikaanguka. Mwaka uliofuata benki ya Banco Ambrosiano iliporomoka, mwenyekiti wake Roberto Calvi, aliyekuwamo katika orodha hiyo, akakutwa amening'inia chini ya daraja la Blackfriars jijini London, na mwaka 1984 benki ya Vatikano iliwalipa wadai takribani dola milioni 244. Hiyo ndiyo sura ya njama halisi: ina fedha, ina orodha, inadumu miaka michache, ina watu wanaogombana, na inafichuliwa na mahakimu wachunguzi wanaosoma karatasi za hesabu. Jumuiya ya miaka 700 isiyowahi kupata mwanachama mlevi, mwenye wivu au mwenye deni haijawahi kuonekana.

Mdogo wako anasema lisemwalo lipo. Methali hiyo ina hekima yake inapohusu majirani wanaojuana, ambao wameona kitu kabla ya kukisema. Jambo lililoandikwa kwa ajili ya kuuza kitabu ni la namna nyingine, na historia ina mfano mmoja wa kutisha. Mwaka 1868 Mjerumani Hermann Goedsche alichapisha riwaya yenye sura moja inayoonyesha wazee wa Kiyahudi wakikutana usiku katika makaburi ya Prague kupanga kuitawala dunia. Ilikuwa sura ya riwaya. Miaka michache baadaye ilichapishwa peke yake nchini Urusi, kisha ikaanza kusambazwa kama hotuba halisi ya rabi. Wazo hilohilo lilizaa zile zinazoitwa Itifaki za Wazee wa Sayuni, zilizochapishwa Urusi mwaka 1903, na ingawa gazeti la The Times la London lilionyesha mwaka 1921 kwamba zimenakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha 1864 kisichowahusu Wayahudi kabisa, Wanazi walizitumia kuchochea chuki iliyoishia kwenye mauaji ya mamilioni. Kwa hiyo kila riwaya inapokuonyesha kundi la waumini fulani kama wenye njama, jiulize mara mbili kabla ya kupeleka habari hiyo mbele.

Unaweza kufanya nini sasa? Unaweza kupuuza yote na kurudi kwenye mazoea. Sikushauri, kwa sababu shaka iliyofunikwa huchacha. Unaweza kujifungia na video za mtandaoni usiku kucha. Hilo nakukataza kabisa, maana kila video itakupeleka kwenye nyingine iliyokolezwa zaidi. Ninachokipendelea ni kusoma maandishi yenyewe, kidogo tu: kanuni 20 za Nisea, barua ya Plinio ambayo ni fupi, na Injili ya Tomaso. Kisha nenda kwa padri au mchungaji aliyesoma historia ya Kanisa, umwulize ana kwa ana. Ukiona anakasirika kwa kuulizwa tu, tafuta mwingine. Nami niseme wazi mpaka wa kazi yangu: historia inaweza kukuonyesha kwamba Nisea hapakuwa na njama, lakini haiwezi kukuamulia kama kilichokiriwa pale ni kweli. Hilo ni suala la imani yako, na linastahili mtu wa kukaa nawe, si barua.

Kwa mdogo wako, usimrundikie tarehe zote hizi. Mtu akirushiwa hoja kumi hushika ngao. Mwulize jambo moja kwa upole: aliyekwambia ni nani, naye alijuaje? Wanazuoni wa Hadithi katika Uislamu walijenga elimu nzima juu ya swali hilo, wakifuatilia mnyororo wa wapokezi mmoja baada ya mwingine mpaka kiungo kinachokatika. Lakini ukimwona ameacha kulala, anaona ishara katika namba za magari na mavazi ya watangazaji, anaamini kwamba anafuatwa, au anawakata ndugu na marafiki kwa kudhani ni mawakala wa jumuiya hiyo, hapo mazungumzo hayatoshi, na asiachiwe ajitafutie maelezo peke yake. Mpeleke kwa daktari wa afya ya akili, akisindikizwa na mtu anayemwamini. Wewe pia, usingizi ukiendelea kukukimbia au hofu ikakuzuia kufanya kazi zako, muone daktari bila kuona haya.

Na juzuu ya pili, isome. Umeniambia ya kwanza ilikunyima usingizi, na mtunzi aliyeweza hilo anajua kazi yake. Ila safari hii shika penseli, na kila profesa anapoanza kuhutubu huku anakimbia, weka alama pembeni penye jambo ulilolihakiki na alama nyingine penye jambo ulilolimeza kwa kuwa mengine yalikuwa sawa. Ukimaliza, niandikie ulizipata ngapi za kila aina.